Maua ya Buluu Niliyouza Pamoja na Mchanga Wake

Wanangu mnaoanza kuuza maua kando ya barabara, jueni kwanza kwamba anayewaandikia ni mwoga. Sijawahi kuficha. Miaka yote niliyokaa pale Katuba na miche yangu kwenye mifuko myeusi ya plastiki, niliamka nikiogopa. Niliogopa mbuzi wa jirani, mchwa, na baridi ya mwezi wa sita ambayo hapa Lubumbashi huunguza majani ya kroton kama yamemwagiwa maji ya moto. Zaidi ya yote nilimwogopa yule mteja anayekuja Jumamosi asubuhi akitaka maua ya arusi ya mchana uleule. Ukimwona muuza maua asiyeogopa kitu, usinunue kwake. Miche yake imeshakufa na bado hajaenda kuiangalia.

Mimi ndiye Mama Kapinga wa maua. Nimeacha kuuza, na watu wanadhani ni magoti. Magoti yanauma kweli, sikatai, lakini siyo yaliyonitoa barabarani. Nitawaeleza kilichonitoa. Ila nitapitia kwanza kwenye mambo mengine, kwa sababu kuna vitu vya kazi hii sitaki vipotee, na kwa sababu hata leo naogopa kufika pale ninapotakiwa kufika.

Tuseme habari za bugenvilea. Kata kijiti kinene kama kidole gumba, toa majani yote, kata ncha ya chini kwa mshazari, kiache kivulini siku nzima jeraha likauke, halafu kichomeke mvua za kwanza zinapoanza. Kikishika na kuwa mti, kinyime maji. Nilikuwa na mteja, mke wa daktari mmoja, aliyemwagilia bugenvilea yake asubuhi na jioni kwa miaka miwili, akapata majani mabichi ya kulisha mbuzi na hakuna ua hata moja. Alikuja kunitukana mbele ya watu. Nikamwambia asimwagilie mwezi mzima. Alinitazama kana kwamba mimi ni mchawi, akaenda akafanya, na ukuta wake ukawa mwekundu kutoka juu mpaka chini. Tangu siku ile aliniletea sukari kila Krismasi, na kila Krismasi aliniuliza kama aanze tena kumwagilia.

Aliyenifundisha ni Tata Mulunda, mzee aliyefanya kazi ya bustani kwenye majumba makubwa ya mjini maisha yake yote. Alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa udongo. Hakuamini udongo wowote asioujua. Ukileta gari la mchanga au mboji, alichota kopo moja, akapanda maharagwe matano, akasubiri wiki. Yakitoka na kukaa kijani, udongo uliingia kwenye lupango, maana huku kwetu ndivyo tunavyoita kiwanja chenye nyumba na ua wake. Yakinyauka, mwenye gari alirudi na mzigo wake hata kama analia. Mimi niliona ni mambo ya wazee. Kisha nikaweka mavi ya kuku mabichi kwenye kroton zilizoagizwa na kanisa, zikaungua zote kabla ya Jumapili. Tata Mulunda alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakaa nami siku tatu kuotesha nyingine. Tangu hapo nilipanda maharagwe kwenye kila kopo la udongo mgeni, miaka mingi, bila kukosa.

Nilikosa mara moja. Tata Mulunda alikuwa ameshafariki. Nyuma ya jiko langu kulikuwa na pembe iliyozama, kila mvua ikawa dimbwi, na maji yalianza kuingia chini ya ukuta. Ikapita lori la mchanga. Dereva alisema unatoka mtoni na bei yake ilikuwa nafuu. Mchanga wenyewe ulikuwa wa kijivu, na ukiutazama vizuri uliona ukijani kidogo ndani yake. Wingu lilikuwa jeusi upande wa uwanja wa ndege. Nikaogopa mvua itanikuta na dimbwi lile tena, nikamwambia amwage.

Pembe ile haikuotesha kitu. Nilipanda mawaridi, yakafa. Nilipanda mchaichai, ambao haufi hata ukiukanyaga, ukageuka manjano ukafa. Nililaumu mchwa, nikalaumu jua, nikamlaumu jirani ambaye tulikuwa hatusalimiani vizuri. Msimu wa pili wa mvua vikachipuka vijimea vyenyewe, bila kupandwa. Vilifika magotini, vikiwa na vichwa vidogo vya buluu inayokaribia zambarau, vimejipanga vizuri kana kwamba mtu alivipima kwa kamba. Nilivipenda palepale. Hakuna aliyekuwa navyo barabara nzima.

Mtu wa maua akipata kitu ambacho wenzake hawana, akili yake hupungua. Nilikusanya mbegu nikazipanda kwenye udongo wangu bora kabisa, ule wa kichuguu niliouchanganya na samadi ya mbuzi ya mwaka mzima. Zikaota, zikaoza shingo, zikalala. Nilijaribu tena, zikaoza tena. Nilihamisha miche mikubwa, nayo ikaoza. Mwishowe nikachukua mche mmoja pamoja na mchanga wake wa kijivu, nikautia kwenye mfuko bila kuongeza chochote. Ukasimama. Nilijiona nimegundua jambo. Kila aliyenunua ule mche wa buluu nilimpa mchanga wake, makoleo mawili kwenye kiroba, nikamwonya asichanganye na samadi. Nilijaza mifuko ile kwa mikono yangu, nikiimba. Watu wakayaita maua ya Mama Kapinga, na mimi sikuwakataza.

Ndipo akaja Tata Banza. Anakaa njia mbili kutoka kwetu. Ujanani alibebea vyuma watu waliokuwa wakitafuta madini porini, na masikio yake yameshachoka, hivyo husema kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Alikuja kutafuta mimea ya kuzungushia kaburi la mkewe. Alipoona pembe yangu alivua kofia.

"Mama, hii maua nani alikuletea?"

Nikamjibu kwamba ilikuja yenyewe.

"Yenyewe? Mu lupango yako? Mama, hii maua inakulaka mukuba. Sisi mu pori, tukiionaka, tunasimama, tunatia alama. Fasi inaotaka, chini njo kuko mukuba."

Mukuba ni shaba, na fasi ni mahali. Walikuwepo wateja watatu, na sauti ile ingefika hata kwa wa nne aliyekuwa barabarani. Kabla ya saa sita mtaa mzima ulijua kwamba Mama Kapinga amelala juu ya shaba.

Nyinyi ni vijana wa hapahapa, sihitaji kuwaeleza sana kinachofuata katika nchi yetu watu wakisikia neno lile. Anakuja mchimbaji, nyuma yake anakuja anayenunua kwa mchimbaji, nyuma yao anakuja mwenye karatasi na mihuri, na mwenye nyumba anakuwa mtu wa kupisha. Baba yangu aliacha nyumba yake Likasi akiwa na sanduku moja na cherehani, na hakuiona tena. Nilikuwa msichana, nilibeba cherehani kichwani. Mimi ni mjane. Lupango hii ya Katuba niliijenga kwa mche mmojammoja, na sina nyingine. Nilishindwa kula bukari, ugali wetu. Nilikaa nikisikiliza miguu inayopita nje, nikingoja mmoja usimame. Nilitaka kuyang'oa maua yale, nikaogopa watasema ninaficha. Nilitaka kuyaacha, nikaogopa kuyatazama.

Wakaja wachimbaji wawili, mchana, wenye adabu. Walisalimia, wakaomba waonje tu ile pembe kwa koleo. Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio. Niliogopa kukubali, lakini niliogopa zaidi kukataa mbele ya macho yale yote, nikasogea pembeni. Walichimba mpaka kufika magotini. Mchanga wa kijivu ukaisha, ukaanza udongo wetu mwekundu wa siku zote. Yule mkubwa akaupondaponda mkononi, akacheka.

"Mama, huku akuna kintu. Hii ni mchanga ya fasi banaoshaka mawe. Ilikuya na camion."

Camion ni lile lori la bei nafuu. Wakapangusa koleo, wakaaga, wakaondoka. Majirani nao wakatawanyika, wengine wamekasirika kabisa kana kwamba nimewadanganya. Mimi nilifurahi hata nikachinja kuku. Nyumba ilikuwa imebaki yangu. Sikujiuliza swali hata moja siku ile.

Kesho yake Tata Banza alikuja, sauti yake safari hii imeshuka. Aliniambia niufunike mchanga ule, watoto wasiushike. Alisema palipooshewa mawe ya madini hapabaki shaba peke yake, kuna uchafu wa kila aina, na ua lile ndilo linaloweza kuishi humo. "Bintu bingine byote, ile mchanga inabiua," alisema. Nikamjibu ndiyo, ndiyo, Tata. Nilifikiria mawaridi yangu na mchaichai. Sikufikiria viroba.

Siku ya tatu mteja mmoja alinipa habari huku akichagua kroton, akicheka. Alisema Ilunga, yule seremala wa Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, ameacha mbao zake na anachimba nyuma ya nyumba. Mke wake, Rejine, alinunua kwangu ua la buluu mwaka uliopita. Walisikia habari za shaba ya Mama Kapinga, hawakusikia kwamba haikuwepo. Sasa shimo limempita kichwa.

Hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika. Mtu pekee aliyejua kwamba chini ya ua la Ilunga hakuna kitu ni mimi. Ua lile lilisimama pale kwa sababu ya makoleo mawili niliyompa Rejine kwa mkono wangu. Nilipaswa kuacha kroton na mteja palepale niende Kenya. Sikwenda. Ningesema nini? Ningesema ule mchanga niliowauzia wenyewe ni uchafu wa madini, na kesho Katuba yote ingejua, na kila mwenye kiroba angekuja mlangoni kwangu. Jina langu lilikuwa mali yangu yote baada ya nyumba. Nikajiambia Ilunga atachoka. Nikajiambia mtu mzima anajua kuchimba. Kesho yake mvua kubwa ilinyesha mchana. Nilikaa chini ya bati langu nikiisikiliza, nikijua kuta za shimo zinavyokuwa zikilowa, na sikuinuka kwenye kiti. Nawaambia hivi nyinyi kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na nisiposema mwenyewe mtadhani nilikuwa mwema.

Siku iliyofuata mvua niliingia kwenye teksi-basi nikaenda. Nilimkuta Rejine anafua. Shimo lilikuwa hatua nne kutoka ukuta wa jiko, na ukuta ulikuwa na ufa unaoweza kuingiza vidole. Aliinuka akavuta ndoo ya udongo mwekundu kwa kamba, akaimwaga, akaishusha, akarudi kwenye nguo zake. Nilisimama mbali kidogo na ukingo, nikamwita.

"Ilunga, toka. Mu ile shimo akuna mukuba. Ile mchanga ya maua ni mie nilibapatia, ilitoka mu camion."

Alicheka kutoka chini, akasema nimekuja kumfukuza ili nichimbe mwenyewe. Basi nikamweleza yote, nikisemea shimoni: lori, mawaridi yaliyokufa, wale wawili na koleo lao, maneno ya Tata Banza. Nilipiga magoti, magoti haya, nikafukua chini ya ua lake kwa mkono. Kiganja kimoja cha mchanga wa kijivu, halafu udongo mwekundu. Naye alikuwa anajua kwamba tangu aanze hajaona hata jiwe moja la kijani. Alipanda ngazi, akakaa kwenye ukingo, mwekundu mpaka kope. Hakunitukana. Aliniuliza nimejua tangu lini kwamba anachimba.

"Depuis siku tatu," nikamwambia.

"Na mvua ya jana?"

"Niliogopa."

Hakuuliza niliogopa nini. Aliingia jikoni akaanza kutoa sufuria za mkewe, moja moja, mbali na ule ukuta.

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kupumua. Ndipo Rejine akaja na mikono ina povu la sabuni, akaniuliza jambo ambalo sikulielewa mara ya kwanza.

"Mama Kapinga, na lengalenga?"

Alinipeleka kando ya bomba. Kulikuwa na tuta dogo la mboga. Alisema aliona ua lilivyostawi katika mchanga ule, akafikiri ni udongo wenye nguvu, akachukua nusu ya kiroba akaichanganya kwenye tuta la lengalenga, mchicha wetu. Mboga zilitoka za manjano na fupi, lakini zilitoka. Mwanawe wa mwisho, Plamedi, alikuwa ameanza kula chakula. Alimpa mchuzi wake.

"Tulikula, mama," alisema. "Na mutoto alikula."

Nimewaambia nimeogopa mambo mengi maishani mwangu. Yote niliyoyaogopa kabla ya hapo yalikuwa madogo. Tulilifukua lile tuta, sisi watatu. Kisha tulikwenda na mtoto kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimpima, alimsikiliza kifua, aliuliza alikula kiasi gani na kwa muda gani, akaandika, akasema mtoto anaonekana mzima, ila yeye kwa macho hawezi kuona kilichomo ndani, tumrudishe kila mwezi. Tunamrudisha. Anatembea sasa, anakimbiza kuku, ananiita yaya, kama dada yake mkubwa. Akikohoa, mama yake ananitazama. Hamchukii mtu, Rejine, lakini ananitazama.

Niliacha kuuza, nikanunua toroli. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuukusanya ule mchanga. Msifanye nilivyofanya: andikeni jina la kila anayenunua, na anapokaa. Mimi sikuandika hata mmoja. Niliwakumbuka watu kwa mimea yao, yule wa kroton ya madoadoa, yule aliyevunja chungu, yule aliyetaka ua lisilotaka maji wala lisiloangusha majani, niliyemwambia anunue la plastiki. Nyumba nyingi nimezipata. Wengine walinifukuza. Wengine walicheka wakakataa kunipa ua kwa kuwa ni zuri mno, nikarudi mara tatu mpaka wakachoka nami. Mmoja alikuwa amehamia Kasenga na chungu chake, nikampelekea ujumbe kwa wauza samaki watokao huko, akajibu ameshakitupa. Sikulala vizuri nilipofikiri alikitupa wapi. Mchanga wote niliorudisha nimeurundika kwenye pembe ileile, nikaufunika kwa zege nene, na juu yake sikupanda kitu. Nikijua pa kuupeleka pengine, nitaupeleka.

Basi pandeni maharagwe kwenye kopo. Pandeni hata kama wingu ni jeusi na dereva ana haraka. Mkiona kijimea kinachokataa udongo mzuri na kupenda mbaya, msikiuzie mtu mpaka mjue kwa nini. Na mkigundua mmekosea, nendeni siku ileile, msingoje jina lenu lipate nafasi ya kujipanga.

Wamebaki watatu ambao sijawapata. Mmoja ni mwanamume mwenye baiskeli nyekundu aliyesema anakaa karibu na kanisa, na makanisa hapa yako mangapi. Wa pili ni bibi mmoja aliyenunua kwa ajili ya kaburi, huyo simwogopei sana. Wa tatu ni mwanamke kijana, mjamzito, kitenge cha manjano, kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Kama ni dada yenu, kama ni jirani, kama mmemwona popote, mwambieni Mama Kapinga anamtafuta, na mniambie anakaa wapi, nitakuja na toroli siku hiyohiyo. Alinunua miche miwili na viroba viwili. Aliniuliza kama mchanga utakaobaki unafaa kwa nyanya. Nyuma yake kulikuwa na mteja mwingine anasubiri, nami nilitaka amalize, nikamwambia unafaa sana.